Kahawa Haitafunwi Peke Yako

Jumamosi iliyopita nilizunguka saa nzima ndani ya supamaketi moja hapa Mwanza, nasukuma kitoroli chenye gurudumu bovu, natafuta kahawa. Usinicheke. Najua kahawa ilikuwa imejaa mle. Ilikuwepo ya unga wa kuyeyusha, ilikuwepo ya vipakiti iliyokwishachanganywa na maziwa na sukari, mpaka ya harufu ya vanila ilikuwepo. Upande wa chai ndiyo balaa kabisa: chai ya embe, chai ya limau, chai ya kupunguza tumbo, zote ndani ya vifuko vyenye kamba, utadhani majani yana mpango wa kutoroka. Majani ya kawaida, yale ya kumwaga kwenye sufuria inayochemka, wameyashusha rafu ya chini karibu na chakula cha mbwa. Na ukiyazoea pale, mwezi ujao wameyahamisha.

Mimi nilitaka kahawa ya kutafuna. Binti wa dukani alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akanipeleka kwenye pipi za kutafuna. Nikamshukuru, ningefanyaje? Nikachukua sukari na maziwa nikaenda kulipa, na kaunta wakasema hawana chenji, wakanipa pipi. Nilitoka pale nimenuna, lakini nimeshaapa moyoni kwamba kahawa hiyo itapatikana kabla ya Jumapili jioni.

Sababu ni simu niliyopigiwa Ijumaa kutoka Buswelu. Aliyepiga ni mtoto wa kiume wa jirani yetu wa zamani, yule mama wa Kikerewe tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta tulipokuwa tunaishi Mirongo. Alisema mama yake ni mzee sana sasa, hospitali wamempima hawaoni ugonjwa, ila siku ya tatu hiyo hataki kula wala kunywa. Uji anasukuma, chai anageuza uso. Kitu pekee anachokitaja ni kahawa ya bibi yako, akaniambia, sasa sisi hatujui ni kahawa gani.

Mimi nilijua.

Bibi yangu alikuwa Mhaya, aliletwa Mwanza na ndoa, na babu alikuwa Msukuma wa ng'ombe na maziwa. Kwa hiyo asubuhi ya nyumba yetu ilikuwa na pande mbili. Babu alitaka chai ya maziwa iliyochemka mpaka ikapanda na kushuka mara tatu, sukari bila huruma, na pembeni matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa juani, ambavyo ukiuma unasikia taya linafanya kazi. Bibi alikunywa chai ya rangi nusu kikombe, kwa adabu tu. Chai ni ya babu yako, alikuwa akisema. Yake yeye ilikuwa kwenye kopo la bati juu ya kabati: buni zilizochumwa mbichi, zikachemshwa na majani ya kwao, zikakaushwa zikiwa na maganda yake. Zililetwa kwa meli kutoka Bukoba na shangazi zake, na ukifungua lile kopo chumba kizima kilinukia moshi na majani makavu.

Na kulikuwa na utaratibu. Buni moja ukiipasua ganda, ndani kuna punje mbili zimelala zimeelekeana. Bibi hakuzitafuna zote mbili hata siku moja. Jirani alikuwa akiingia akishamaliza kufagia uwanja wake, anakaa kwenye kigoda, bibi anapasua, moja yako, moja yangu, wanatafuna taratibu huku wanachambua mchele na mambo ya watu. Sisi watoto hatukupewa. Nilipouliza kwa nini asile zote, bibi alinitazama kana kwamba nimetukana. Kahawa haitafunwi peke yako, akasema, ukitafuna peke yako unatafuna upweke.

Halafu wakagombana. Kuku wa jirani aliingia bustani ya bibi akafukua mchicha wote, bibi akarusha kuni, kuku akavunjika mguu. Basi, yakatoka maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na kigoda kikabaki kitupu. Babu alijaribu kuwasuluhisha, akaambiwa anywe chai yake. Alikuwa akilalamika kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, usiku nyumba ikiungua hao shangazi wa Bukoba watafika na meli? Bibi akaondoka zake. Lakini mimi nilimchungulia. Asubuhi alikuwa anapasua buni, anatafuna punje moja, na ile ya pili anairudisha kwenye kopo. Siku ya kwanza ikarudi moja, kesho yake nyingine, mpaka zikawa zinalia zenyewe chini kwenye kopo. Nilikuwa darasa la tatu na iliniuma vibaya, kwa sababu nilielewa ni za nani.

Siku moja bibi alikuwa amekwenda kwenye sala za jumuiya, babu yuko kazini, niko peke yangu nyumbani. Nikasikia hodi. Jirani huyo mlangoni, amebeba sahani ya dagaa wakavu imefunikwa kitambaa, macho yake yanatazama chini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza bibi yupo? Nikasema anakuja sasa hivi, karibu kigoda. Ilikuwa uongo, jumuiya yao ilikuwa haiishi kabla ya adhuhuri, lakini niliapa kwamba huyu mama hatatoka humu ndani mpaka bibi amkute.

Sasa nimpe nini? Kahawa, bila shaka. Lakini kupasua buni ni kazi ya bibi, mimi sikuruhusiwa. Nikafikiri: heshima kubwa kabisa ninayoijua ni chai ya babu. Nikashusha kopo, nikamwaga buni zote kwenye sufuria, zile nzima na zile punje za upweke, nikatia maziwa, nikatia sukari bila huruma, nikaacha ipande na kushuka mara tatu. Ikawa na rangi ya matope ya Mto Mirongo mvua zikinyesha. Nikamimina kikombe kikubwa cha babu, nikampelekea kwa mikono miwili huku nimepiga goti.

Jirani alitazama ndani ya kikombe. Akanitazama mimi. Akatazama lile kopo tupu juu ya meza, nikaona ameelewa kila kitu. Akanywa. Hakukunja uso, hakupumzika, alikunywa kama mtu anayemaliza adhabu aliyoikubali mwenyewe. Alipokuwa kwenye tone la mwisho bibi akaingia. Akaona kopo, akaona sufuria, akaona nani amekaa kwenye kigoda. Kahawa ile ilitakiwa imfikishe mpaka meli ya mwezi ujao. Nikafumba macho kusubiri kofi.

"Umekunywa hiyo?" bibi akamuuliza.

"Ni kahawa ya nyumba yako," jirani akajibu. "Ningeimwaga wapi?"

Bibi akakaa chini sakafuni, akaanza kucheka mpaka machozi. Kisha akaingiza kijiko kwenye sufuria, akavua buni moja iliyovimba kwa maziwa, akaipasua kwa kucha. Moja yako, moja yangu. Mimi sikuchapwa. Nilisugua sufuria tu, na jioni tulikula wale dagaa.

Basi Jumapili hiyo nilikuwa bandarini kabla jua halijatoka. Meli ya Bukoba ilipofunga nikawafuata akina mama wanaoshuka na ndizi na senene, wale panzi wa kukaanga, nikamuuliza mmoja baada ya mwingine. Wa tano au wa sita, mama mtu mzima, alinitazama kwanza usoni kana kwamba anakagua ukoo, kisha akatoa kwenye kikapu fungu dogo lililofungwa kwa jani kavu la mgomba. Nilinusa tu nikajua. Nilipofika nyumbani Kiseke nilichukua maziwa na sukari kwa ajili ya wenyeji, nikaondoka.

Buswelu nilimkuta jirani amelazwa kwenye godoro karibu na dirisha, amekonda mpaka nikaogopa. Shikamoo bibi, nikasema. Marahaba mjukuu wangu, akaitikia, akatabasamu, nami nikaona ufizi mtupu. Siku mbili nzima nahangaika kumtafutia kitu cha kutafuna mtu asiye na jino hata moja. Nikafungua lile jani hivyo hivyo, kwa aibu. Akanusa muda mrefu, akachukua buni moja, akahangaika nayo kwa kucha mpaka ikapasuka. Punje moja akaweka shavuni. Ya pili akanipa mimi. Maisha yangu yote sikuwahi kupewa.

"Hizo nyingine nenda ukachemshe," akasema. "Tia maziwa. Tia sukari. Kama ile siku."

Nikasimama jikoni kwa watu, natafuna punje chungu, nasubiri sufuria ipande na kushuka. Nyumba yetu ya Mirongo sasa ni duka la simu. Babu hayupo, bibi hayupo, kopo sijui lilipotelea wapi wakati wa kuhama, na mtaani kwangu Kiseke kuna jirani ambaye mpaka leo sijui anakunywa nini asubuhi. Nililia kidogo, sikufichi. Kisha nikamimina nikampelekea kwa mikono miwili, nikapiga goti.

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, anatazama mama yake akinywa. Safari hii jirani alikunja uso wote.

"Siku ile nilikuficha, mjukuu wangu," akasema. "Ilikuwa mbaya sana. Na leo ni mbaya vilevile."

Akamaliza, akaninyooshea kikombe nimwongeze. Mwanawe akatoka kwenda kutafuta maziwa mengine.