Kifaa Kisichokuwepo Mezani

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Mtaa mzima ulimwita Hakiki, na aliyemwona akitoka nyumbani hakuhitaji kuuliza kwa nini. Alifunga mlango, akavuta kitasa, akatembea mpaka kwenye kona, akasimama kama mtu aliyeitwa, kisha akarudi kuvuta kitasa kile kile. Majirani walimwona akipita, akirudi na kupita tena, na wengine walikuwa wameacha kumsalimu mara ya kwanza kwa kuwa walijua ya pili inakuja.

Alikuwa fundi wa kompyuta, na kwa kazi hiyo woga wake ulimfaa. Mashine iliyopita mikononi mwake haikurudi tena na ubovu. Chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi ndicho kilikuwa karakana yake: meza ndefu, taa ya kuvuta, mikebe ya skrubu, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa ambayo haikutoka hata madirisha yakiachwa wazi. Chumba cha nyuma alikaa dada yake mkubwa, asiyeona tangu utotoni na asiyekuwa na chembe ya woga. Mama yao sijui aliugawaje woga ule. Mmoja aliubeba wote, mwingine hakuachiwa hata wa kuazima.

Dada huyo alikuwa na sauti. Alipokea simu kwenye ofisi ya kusafirisha mizigo, na watu waliopiga kwa hasira waliishia kumuuliza hali yake. Siku moja mhariri wa kituo kidogo cha redio alipiga simu, akiulizia shehena iliyochelewa. Alipokata simu shehena alikuwa ameisahau, na alikuwa amemwalika dada aje kujaribiwa kusoma taarifa ya habari. Jaribio lenyewe lingekuwa hewani moja kwa moja, Jumamosi mchana. Akifaulu angepewa kazi, na akikwama wasikilizaji wote wangemsikia akikwama.

Angesoma kwa vidole. Kompyuta yake ndogo ya kubebeka, iliyochakaa kidogo, iliunganishwa kwa waya na ubao wa nukta nundu, kifaa chembamba chenye safu ya vipini vidogo vinavyopanda na kushuka kuunda herufi. Mstari mmoja ukiisha vipini hushuka, mwingine unapanda, na dada alivipitia kwa kasi ambayo wengi wenye macho hawaifikii.

Alipomweleza mdogo wake habari hizi, jibu la kwanza la Hakiki lilikuwa hapana. Je, kompyuta ikiganda katikati ya habari? Je, umeme ukikatika, je, ukikohoa? Dada alimsikiliza mpaka akaishiwa na je. Kisha akamwomba kitu kimoja tu, kwamba siku hiyo aje akae naye studio. Hakiki akakataa hilo pia. Alisema atamtia mkosi, ingawa ukweli ni kwamba alijua yeye mwenyewe hatastahimili.

Lakini kukataa hakukumpa usingizi. Kompyuta ile ilikuwa na tabia ya kuganda, mara moja moja, bila sababu ya kueleweka, na kila alipofumba macho aliiona ikiganda dada akiwa mbele ya maikrofoni. Basi akaamua kuitibu. Alhamisi dada aliitwa kituoni aonyeshwe studio, na fundi mitambo wa huko alitaka auone ubao, apime kama utaenea mezani na kama vipini vyake vina kelele. Dada akauweka ubao kwenye mkoba, kompyuta akamwachia mdogo wake.

Ndani ya kompyuta mna kiini, ile sehemu ya mfumo inayozungumza na vifaa vyenyewe: kioo, spika, diski, kipanya. Kila kifaa kina kiendeshi chake, na kiini kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wote kinabeba viendeshi vya maelfu ya vifaa ambavyo wewe hutavigusa maisha yako yote. Fundi mwenye subira anaweza kukijenga upya. Hupitia menyu ndefu isiyoonekana mwisho wake, na kwa kila kiendeshi hujibu: kiwemo, kisiwemo, au kikae pembeni kiitwe kikihitajika. Hakiki aliamini kwamba mojawapo ya hiyo mizigo isiyo na mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiigandisha kompyuta ya dada yake.

Alianza kupitia menyu kwa uaminifu, moja moja, hadi macho yakamtoka. Hapo akakumbuka njia ya mkato. Ipo amri moja ambayo huiuliza kompyuta ni vifaa gani inavitumia sasa hivi, kisha hufuta viendeshi vya vingine vyote. Aliiandika, akaibonyeza, na menyu ikanyauka. Vichache vilivyobaki alivipitia mwenyewe, akisoma maelezo ya kila kimoja, na karibu maelezo yote yaliishia kwa ushauri ule ule: kama huna uhakika, jibu hapana. Hakiki hakuwahi kuwa na uhakika wa jambo lolote tangu azaliwe. Alijibu hapana mpaka kidole kikamuuma, na moyo wake ukatulia kwa kila hapana.

Kiini kilipokamilika alikijaribu kama alivyojaribu kila kitu. Sauti ilitoka. Mtandao ulishika. Kioo kiliwaka, kifuniko kilipofungwa kompyuta ililala, kilipofunguliwa iliamka. Alirudia yote tangu mwanzo. Nafasi ya kuwashia kwenye diski ilikuwa finyu, viini viwili havikuenea, basi kile cha zamani akakifuta. Kompyuta sasa iliwaka upesi ajabu, na siku hiyo alivuta kitasa cha mlango mara moja tu.

Ijumaa dada hakuugusa ubao. Mhariri alikuwa amemshauri apumzishe koo na vidole, naye akalala kitandani akisikiliza taarifa za zamani. Jumamosi asubuhi alikuja karakana, akakaa mezani, akachomeka waya, akaweka vidole.

"Mdogo wangu," alisema, "ubao umelala."

Hakiki alibadilisha waya. Alichomeka tundu la pili. Alizima kompyuta na kuiwasha, na dada akisubiri huku vidole vyake vimelala juu ya vipini ambavyo havikupanda. Hapo ndipo ilipomjia. Aliona meza ile ya Alhamisi kama ilivyokuwa, kompyuta, kipanya, taa, na pale mwishoni, mahali ubao unapokaa siku zote, patupu. Alikuwa amehakiki kila kilichokuwa mbele yake, mara mbili mbili, na hakujiuliza hata mara moja ni nini hakipo.

Na tuseme ukweli wote, maana fundi huyu hakuwa malaika. Wazo la kwanza lililomjia halikuwa la kurekebisha. Lilikuwa la kusema ubao umekufa. Umeanguka kwenye mkoba, bahati mbaya, tumpigie mhariri simu tumwombe radhi. Dada asingejua kamwe. Asingekwenda hewani, asingeaibika, na yeye Hakiki angelala. Aliona nafuu kubwa, na mara ile ile akaionea haya nafuu hiyo mpaka masikio yakawaka moto.

"Ubao ni mzima," alisema. "Nimeufuta mimi."

Akamweleza yote, maneno yakimgonga mdomoni. Jinsi alivyoiuliza kompyuta ina vifaa gani, jinsi ilivyotaja vilivyochomekwa, na jinsi alivyovifuta visivyotajwa. Dada aliondoa vidole kwenye vipini. Hakiki angependelea atukanwe.

"Kwa hiyo ukaniondoa kwa sababu sikuwepo," dada alisema mwishowe.

Hakiki alichomoa waya, akauchomeka tena.

"Na namba yangu ya simu unayo."

Hilo lilimchoma kuliko tusi lolote. Dada lakini hakuendelea na hilo. Aliuliza kama inawezekana kurekebisha kabla gari la kituo halijaja kumchukua. Hakiki akasema hajui. Dada angeweza kusoma kwa kusikiliza, kompyuta ikimnong'oneza sikioni, lakini alikuwa amejaribu na kushindwa: sauti mbili zilipishana kichwani, na yake ndiyo iliyojikwaa. Bila ubao hakuna taarifa ya habari, wote wawili walilijua hilo.

Hakiki alifungua menyu ile ile, na safari hii woga ukampeleka upande wa pili. Alianza kujibu ndiyo kwa kila kitu. Ndiyo kwa vifaa vya setilaiti, ndiyo kwa mizani ya dukani, ndiyo kwa usukani wa michezo. Kujenga vyote hivyo kungechukua siku nzima kwenye kompyuta ile, naye alijua, na mkono wake haukusimama.

"Unabonyeza kama mtu anayeua nzi," dada alisema. "Acha. Nisomee kwa sauti, nami nisikie."

Akaacha. Alifuta yale ya usukani na mizani, akaanza upya huku akisoma. Kwanza aliiuliza kompyuta inaona nini kwenye tundu la waya. Ikajibu inamwona mgeni asiyejulikana, mwenye namba tu. Namba hiyo ilikuwa ya kijichombo kilichomo ndani ya ubao, kinachotafsiri kati ya vipini na waya. Sasa ilibidi apate kiendeshi cha kijichombo hicho. Menyu ya vitafsiri vya namna hiyo ilikuwa na majina mengi yanayofanana kama watoto wa sare moja. Alisoma jina, akafungua maelezo yake, akatafuta namba, hapana. La pili, hapana. Kila mara dada aliitikia "haya" kwa upole, na ile "haya" ilimshika mkono Hakiki asiruke mbele. Alipoiona namba aliisoma mara tatu, na dada akamwacha aisome mara tatu.

Hakuhitaji kujenga kiini kizima. Kipande hicho kimoja tu, kikae pembeni, kiitwe. Alibonyeza, mistari ikaanza kupanda kwenye kioo, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya akafanya kila kitu: alisimama, akakaa, akafuta meza iliyo safi, akaenda kuchungulia barabara. Dada alikwenda kuvaa. Alirudi na gauni la kijani na viatu vya kazini, akakaa mahali pake, akaweka vidole kwenye vipini vilivyo baridi, akasubiri. Hakiki alimtazama, na alikuwa na hakika ya jambo moja tu, kwamba isipofanya kazi hatajisamehe.

Mistari ikasimama. Akakiita kiendeshi.

Vipini vikapanda kwa mlio mdogo, kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Hakiki aliketi chini, sakafuni. Dada alianza kusoma kilichokuwa kwenye kioo, yale maelezo ya menyu ambayo mdogo wake aliyaacha wazi, akayatafsiri papo hapo kutoka Kiingereza kwa sauti ya taarifa ya habari: kiendeshi hiki ni cha vifaa vya namna fulani na fulani. Alifika mstari wa mwisho, akapunguza mwendo.

"Kama huna uhakika, jibu hapana." Aliupitia tena kwa vidole. "Hii ndiyo uliyokuwa ukiifuata?"

"Imeandikwa kila mahali," Hakiki alijitetea kutoka sakafuni.

"Nilipokuomba uje studio, palikuwa pameandikwa?"

Nje gari likapiga honi. Dada alikunja waya, akautia ubao mkobani na kompyuta juu yake, akasimama. Hakumwomba mara ya pili. Hakiki alifikiria vitu vyote ambavyo vingeweza kuharibika kati ya pale na maikrofoni, na vilikuwa vingi, na hakuwa na uhakika na hata kimoja. Akasimama akafuata.

Studio ilikuwa chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Walimkalisha Hakiki nyuma ya kioo kando ya fundi mitambo, ambaye alimwambia kwa adabu aache kutikisa mguu kwa sababu meza inatetemeka. Taa nyekundu ikawaka. Dada akasema habari za mchana, na sauti ile waliyoizoea watu wa mizigo ikajaa chumba. Vidole vilitembea. Habari ya kwanza ikaisha, ya pili ikaanza, na katikati ya ya tatu dada akanyamaza.

Kimya hewani ni kirefu kuliko kimya kingine chochote. Mhariri aliinua kichwa. Hakiki alikuwa amesimama bila kujua, viganja kwenye kioo, akiona kwa akili yake vipini vyote vikishuka. Kisha dada akaendelea, neno lililofuata likiwa mahali pake, akasoma hadi mwisho bila kujikwaa.

Mhariri alimwambia aje Jumatatu kutia sahihi. Walipokuwa wakishuka ngazi, dada amemshika kiwiko, Hakiki akamuuliza kwa sauti isiyo yake kile kimya kilikuwa cha nini. Kipini kimekwama? Kiendeshi kimeanguka?

"Nilikuwa nameza mate," dada alisema. "Wasomaji nao wana koo."

Walitembea hatua chache barabarani. Ndipo dada akauliza, bila kugeuka, "Mlango wa nyumba umeufunga?"

Hakiki alisimama. Alijaribu kuukumbuka mlango, ufunguo, kitasa, mkono wake juu ya kitasa. Hakukumbuka chochote. Alikumbuka honi tu, na mgongo wa dada yake ukitangulia.

"Sijui," alisema.

"Haya," dada alisema, akamvuta kiwiko waendelee, na wakaenda polepole.