Siku Niliyompulizia Filimbi Baba Mkwe

Shule niliishia darasa la nne, na bado leo nina makarasha mawili ya kusagia mawe ya dhahabu pale Katoro. Lakini watu hawanijui kwa hayo. Wananijua kwa mpira wa Kiayalandi, ule unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa miguu, ambao Mzungu mmoja fundi wa mgodini alitufundisha Geita, ukasambaa hadi vijijini. Niliucheza mpaka mabeki wakawa wananikwepa. Goti lilipogoma, Mzungu akanipa filimbi yake, nikawa refa. Kanda ya Ziwa nzima, mwenye kuzijua sheria zote nilikuwa mimi peke yangu.

Urefa ulinipanda kichwani, sifichi. Siku moja ugali ulichelewa, nikamtolea mke wangu kadi ya njano. Akafunga mizigo, akarudi kwao Didia.

Nilipoenda kumwomba arudi, baba yake akasema, "Kesho wazee tunacheza huo mpira wenu na vijana wa hapa. Chezesha kwanza. Habari ya mke tutaongea baadaye."

Nikaelewa. Nikimuudhi mzee, narudi Katoro kujipikia.

Sheria ni hivi: ukishika mpira unatembea hatua nne tu, kisha uudundishe. Baba mkwe aliudaka golini kwake, akaubana kwapani, akaanza kutembea. Hata hakukimbia. Kijana aliyemsogelea akachutama. "Shikamoo babu." "Marahaba." Mwingine vivyo hivyo. Nani atamkaba mzee wa watu? Timu nzima ikachutama, naye akapita katikati yao kama anayekwenda mnadani kuangalia ng'ombe.

Nikapuliza. Kwetu huwezi kusimama mbele ya baba mkwe ukamnyooshea kidole, kwa hiyo na mimi nikachutama, macho chini.

"Shikamoo baba. Umezidisha hatua."

"Marahaba. Nimetembea ngapi?"

"Zinaruhusiwa nne, baba. Nadhani umefika arobaini."

"Unadhani. Refa gani huyo anayedhani?"

Kwenye kundi la wanawake ikatoka sauti ya mke wangu: "Arobaini na moja, baba. Nimehesabu."

Mzee akamtazama binti yake, akanitazama mimi, akautua mpira chini taratibu.

"Ondoka naye leo leo," akaniambia. "Nikibaki naye hapa atanihesabia mpaka matonge."