Rachida na Nguruwe wa Mama Espérance

Mtu akitaka kumchekesha Rachida, fundi wa nguo wa mtaa wa Kasuku mjini Kindu, amuulize tu ilikuwaje akapata ugonjwa wa nguruwe na hali tangu azaliwe hajaonja hata mchuzi wake. Atasimamisha cherehani na kujifuta macho kwa ncha ya kitenge kabla hajaanza kusimulia, maana kicheko chake hutangulia maneno.

Mambo yalianza wakati wa vita. Kindu ilipozingirwa na chakula kikakatika mjini, baba yake alimchukua yeye, mtoto bado, pamoja na kaka yake Hamisi, wakapenya porini hadi kijiji kimoja upande wa Kibombo. Huko wakapokewa na Mama Espérance na mumewe Okito, wakulima wa mpunga, Wakristo wa kusali kwa sauti kubwa. Mama Espérance aliwatengea wageni wake sufuria yao.

"Hii njo yenu," akamwambia baba yao. "Nyama ya nguruwe haitaingia humu hata siku moja."

Na kweli haikuingia. Lakini nguruwe wenyewe walizurura walivyotaka, na Rachida aliwapenda, hasa jike mmoja mwenye sikio lililochanika, aliyemfuata kila mahali kama mbwa. Choo hakikuwepo. Kila mtu alijisitiri nyuma ya mihogo, na nguruwe ndio waliofika kufagia. Maji ya kunywa yalichotwa kwenye kijito kilichopita chini ya mihogo ileile. Wenyeji walipochinja, waliitoa nyama motoni kabla haijaiva, wasije watu wenye bunduki wakauona moshi. Nani angewaza minyoo wakati risasi zinalia? Watoto waliangua mapera, wakayala bila kuyaosha, wakacheza. Vita vilipopoa, wageni walirudi Kindu, na kuachana kulikuwa kwa machozi.

Rachida alikuwa msichana mkubwa mwenye cherehani yake alipoanguka mara ya kwanza, mwili mzima ukitetemeka mbele ya mafundi wenzake. Akaanguka tena sokoni. Wengine wakasema ni majini, wengine wakasema amerogwa. Wateja wakapungua, na marafiki wakaacha kula naye kwa kuogopa mate yake. Ila Idrissa, dereva wa pikipiki aliyekuwa amemposa, hakukoma kuja, ingawa shangazi zake walimsihi amwache.

"Nitaacha siku yeye mwenyewe ataniambia niache," aliwajibu.

Idrissa ndiye aliyempeleka hospitalini, Hamisi akafuatana nao. Muuguzi mmoja, Mama Jacqueline, alimpapasa Rachida mkono, akasita. Chini ya ngozi kulikuwa na vivimbe vidogo, vigumu kama punje za maharage.

"Dada, ulishaishi karibu na nguruwe?"

Hamisi aliruka. "Mama, sisi ni Waislamu! Nguruwe hatumugusi!"

"Sikuuliza kama mulimukula, papa. Niliuliza kama mulikaa karibu naye."

Akawaeleza taratibu. Mtu akila nyama ya nguruwe yenye vivimbe bila kuivisha, mnyoo mrefu aitwaye tegu humkulia tumboni, na mayai yake hutoka na choo cha mtu huyo. Nguruwe akila choo hicho, anaota vivimbe mwilini. Na binadamu akiyameza mayai yaleyale, kwa mikono michafu, kwa maji au kwa tunda lisilooshwa, naye anaota vivimbe. Vikifika kwenye ubongo, ndipo anaanguka.

"Basi mimi nimeupata kama nguruwe anavyoupata?" Rachida akauliza.

"Njo vile. Njia ni moja."

Rachida akamkumbuka yule jike mwenye sikio lililochanika, kicheko kikamponyoka palepale kitandani. "Yaya Hamisi," akamwambia kaka yake, "kumbe ulikuwa na dada wawili kule kijijini!"

Hamisi alijaribu kukasirika, akashindwa.

Vipimo vilithibitisha. Rachida alitibiwa akiwa chini ya macho ya madaktari, akapewa na dawa za kifafa za kumeza kila siku, ambazo hajaziacha mpaka leo. Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Siku aliyovuka mto Lualaba kwa mtumbwi kwenda Alunguli, ng'ambo ya mji, safari aliyokuwa amekatazwa tangu alipoanza kuugua, aliimba mpaka mpiga kasia akamwomba asimtikisie chombo.

Furaha hiyo haikumfanya asahau. Mama Espérance bado anakunywa maji ya kile kijito, aliwaza. Akaongozana na Mama Jacqueline na wenzake wa afya hadi kijijini. Mama Espérance alimkumbatia kwa vigelegele, lakini aliposikia habari yenyewe, akamwachia.

"Mwanangu, kumbe miye njo nilikuletea ugonjwa?"

"Mama, wewe njo uliniokoa. Bila wali wako ningekufa njaa. Na hakuna muntu anajua yai lilitoka kwa nani. Ita watu, tuchimbe vyoo."

Kijiji kizima kilipewa dawa ya minyoo. Haukupita muda mrefu, mzee Okito akaja mbio, amenyoosha mikono yote miwili kama mvuvi anayesifia samaki wake.

"Murefu hivi! Miaka yote hii nilikuwa namulisha!"

"Njo maana wali haukutoshaka nyumba hii," mkewe akasema, na watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Vyoo vikachimbwa. Nguruwe wakaingizwa zizini, wakalalamika kwa makelele, wakazoea. Nyama siku hizi huchemshwa mpaka iachane na mfupa yenyewe.

Idrissa na Rachida walipofunga ndoa, Mama Espérance alifika Kindu juu ya pikipiki, gunia la mchele nyuma yake. Wakati wa chakula alisimama mlangoni na birika na sabuni, asimwache mtu apite bila kunawa. Imamu mwenyewe akajitetea kwa upole.

"Mama, natoka kutawadha sasa hivi."

"Vizuri sana, baba," Mama Espérance akamjibu, huku anamimina maji. "Lete mikono."