Mpiga Dramu Aliyeandikwa Amekufa

Kabla hajawa fundi wa baiskeli, Kasimiro Loro alikuwa mpiga dramu. Pale Koboko, mji wa mpakani kaskazini-magharibi mwa Uganda, walioambiwa hivyo walidhani alipiga katika beni ya jeshi, naye alichoka kuwaeleza. Alipiga roki, muziki wa magitaa ya umeme yaliyonguruma mpaka glasi zikatetemeka mezani, katika bendi ya vijana wanne wa Kampala, wote watoto wa kambi za jeshi, iliyoitwa Radi ya Mto. Mwaka 1974 walikwenda Nairobi, wakajifungia studio siku mbili, wakatoa santuri. Ilikuwa hiyo moja tu.

Mwaka 1979 serikali ya wanajeshi ilipoanguka walirudi West Nile juu ya malori, na mwaka uliofuata vita vikawafuata hukohuko nyumbani. Ocama, mpiga gitaa, alipigwa risasi njiani akielekea kwao Aroi. Tombe, mwimbaji, alivuka mpaka akafia Juba kwa homa. Jale wa gitaa la besi aliingia Kongo, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Kasimiro alipitia mpaka wa Oraba na mkewe Kaltumu, wakaishi kambini Sudani, na huko ndiko Kaltumu alikozikwa. Aliporudi Koboko mwaka 1987 alijenga chumba kimoja, akatundika spoku na minyororo mlangoni, akaanza kuziba pancha za watu. Waliokuja walisalimia, wakangoja baiskeli zao, wakaondoka.

Miaka kumi ilipita hivyo. Sikukuu ya Krismasi ya 1997, Jane, binti wa marehemu kaka yake, alikuja kutoka Kampala na boksi jembamba la karatasi ngumu.

"Baba mdogo, tazama," alisema. "Nimeikuta dukani, kule wazungu wananunua vitu."

Kwenye jalada walisimama vijana wanne, nywele kama vichuguu. Kasimiro aliifuta mikono yake grisi kwenye suruali kabla hajaligusa.

Ndani mlikuwa na CD na kijitabu kinene cha Kiingereza. Jane alimsomea. Kampuni ya Ulaya ilikuwa imeitafuta santuri hiyo, ikasafisha sauti upya, ikaongeza vipande viwili vilivyotupwa studio, na picha ambazo hata Kasimiro hakujua kwamba zilipigwa. Halafu Jane akakifunga kijitabu.

"Soma tu," Kasimiro alimwambia.

"Wanasema bendi yote iliisha vitani. Wanasema wewe uliuawa mwaka 1979."

Kasimiro alikitazama kijitabu kana kwamba herufi zingemjua uso. "Jina langu wameandika vizuri?"

"Lako vizuri. Ila Ocama wameandika Okema, mtu wa Mombasa."

Hilo la Ocama ndilo lililomkera.

Koboko hakukuwa na mtu aliyemjua mwenye mashine ya kupiga CD. Jane aliporudi kazini, Kasimiro alipanda lori hadi mji wa Arua, akaulizia mpaka akafika kwa Okuonzi, aliyekuwa akikodishwa kupiga muziki kwenye harusi. Okuonzi alimkalisha kwenye kiti cha plastiki, akamvisha hedifoni, akabonyeza.

Kasimiro aliikumbuka santuri ile ikitatarika kama mafuta ya kukaangia, dramu zake zikisikika kwa mbali, kama mtu anayetwanga nyumba ya pili. Sasa zilikuwa mbele. Alisikia fimbo ikigusa ukingo wa dramu. Alisikia, katika wimbo wa tatu, pale alipochelewa pigo moja, kosa alilolificha miaka ishirini na tatu, nalo limesafishwa likang'aa pamoja na mazuri.

Kisha vikaja vile vipande vilivyotupwa. Dramu zilianza mbio, zikakatika, na mtu akacheka karibu kabisa na sikio lake.

"Kasimiro, enda pole pole," ilisema sauti ya Ocama. "Hakuna mutu nafukuza sisi."

Kasimiro alicheka. Aligeuka haraka amwambie mwenzake, umesikia huyu? Okuonzi alikuwa anamenya karanga, akitazama barabarani. Hakuna alichosikia, na hata angesikia, kwake ingekuwa sauti ya mtu tu.

"Iko muzuri, muzee?" Okuonzi aliuliza.

"Iko," Kasimiro alijibu, akavua hedifoni.

Ndipo alipomwomba waende Aroi, kwa Rosa Kiden, mjane wa Ocama. Okuonzi alikuwa mtu mwema. Alifunga mashine na betri ya gari kwenye baiskeli, wakaikokota kwa zamu. Rosa walimkuta akianika mihogo. Kasimiro alimweleza taratibu, akamvisha hedifoni juu ya kitambaa chake. Rosa alisikiliza akiwa amefumba macho. Aliomba sauti ile irudishwe, ikarudishwa. Akaomba tena.

"Shemeji, huyu si yeye," alisema mwishowe. "Ocama sauti yake ilikuwa nzito."

"Ni yeye. Mimi nilikuwepo."

Rosa alivua hedifoni. "Basi alikuwa mtoto hivi? Mwanangu ana sauti kubwa kuliko huyu." Alitazama vidole vyake vyenye unga. "Mimi nimezeeka na sauti nyingine kabisa kichwani."

Kasimiro alikuwa amedhani anamletea mtu wake, kumbe amemnyang'anya hata yule wa kichwani aliyebaki naye. Lakini Rosa alipoambiwa habari ya Okema wa Mombasa, alisimama.

"Hiyo uandike," alisema. "Kama wewe umekufa, nani atamsemea?"

Waliporudi Arua, Okuonzi aliiandikia ile kampuni barua kwa Kiingereza, Kasimiro akimwambia maneno. Mpiga gitaa anaitwa Ocama, wa Aroi, West Nile. Ana mke na mtoto. Anayesema haya ni mpiga dramu, yuko hai Koboko. Kasimiro aliipeleka posta mwenyewe. Jibu halikuja mwaka huo, wala uliofuata.

CD alikuwa amemwachia Rosa, ingawa Rosa hakuwa na mashine. Siku hiyo ya barua Kasimiro alipanda lori la kurudi Koboko, akakaa juu ya magunia ya chumvi kati ya wafanyabiashara waliokuwa wakienda mpakani.

"Umetoka wapi, muzee?" mmoja alimuuliza.

"Aroi. Nilienda kusalimia watu."

Yule mtu aliitikia kwa kichwa, akajifunika shuka usoni kwa ajili ya vumbi.