Jiko la Nyumba ya Kimya

Siku yangu ya kwanza kazini nilidhani nimefukuzwa kabla chai ya asubuhi haijapoa. Nilikuwa nimeketi nyuma ya jiko la nyumba ya mafungo, kule juu Kinanira, mtaa wa mlimani hapa mjini Buja, natwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kwa nguvu zangu zote ili waone kwamba wamempata mtu wa kazi. Mara nikashikwa begani. Alikuwa Masera Mkuu, mtawa aliyeongoza nyumba ile, mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinishika mkono, akanitoa hadi nje ya ukuta, kwenye migomba, na hapo ndipo alipofungua kinywa.

"Mama Hadija, ile kinu inasikilika mpaka kikanisani."

"Nisamehe, Masera. Nirudi nyumbani?"

"Apana! Uende soko. Sombe utanunua ile wameshatwanga."

Ndivyo nilivyoingia katika kazi ambayo imenila ujana wangu wote, na sijutii hata siku moja.

Mnaosoma haya pengine hamjui mafungo ni nini. Mkristo anaacha nyumba yake, kazi yake na simu yake, anakuja kukaa kimya siku kadhaa ili awe karibu na Mungu. Haongei na mtu, isipokuwa mara moja kwa siku na kiongozi wa mafungo, yaani yule anayemsikiliza na kumwelekeza. Muda uliobaki anasali, anatembea polepole bustanini, au anafanya tafakari: anachukua neno moja la Maandiko na kukaa nalo, kama mtu anayekaa na mgeni. Waliokuja kwetu walikuwa watu wa kila namna: mapadri, walimu, wafanyakazi wa serikali, wenye magari kutoka mitaa ya kitajiri kama Kinindo, na wafanyabiashara wa soko waliopanda ule mlima kwa miguu.

Kuwapikia watu wa kimya kuna ufundi wake. Vifuniko vya sufuria tulivishonea vitambaa pembeni visigongane. Ndagala, yaani dagaa wa ziwani, hatukukaanga saa ya tafakari, kwa sababu harufu ya ndagala inamtoa mtu mbele ya Mungu haraka kuliko kelele. Mezani huulizi mtu kama ameshiba. Unaangalia mkono wake: akiugusa ukingo wa sahani, unaongeza, akiuweka kifuani, unapita. Nilianza kama mwosha vyombo, nikawa mpishi msaidizi, nikamaliza kama mkuu wa jiko, na adabu hiyo ya mezani bado ninayo. Mjukuu wangu ananicheka.

Jambo moja sijalisema. Mimi ni Mwislamu, mtoto wa mtaa wa Buyenzi, na marehemu mume wangu alikuwa fundi wa magari huko huko. Majirani walipojua ninafanya kazi kwa masera, maneno yakaanza. Nikaenda kwa sheikh wetu, mzee aliyeuza vipuri dukani kwake na kusomesha watu jioni.

"Wanakukatazaka kusali?" akaniuliza.

"Hata. Masera mwenyewe aliniuliza naelekea upande gani. Akasogeza kabati katika chumba cha pasi ili nipate nafasi ya mkeka."

"Na wenyewe wanafanya nini huko siku nzima?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono umeshika pampu ya mafuta aliyokuwa anaifuta. Kisha akasema, "Hiyo nasi tuko nayo. Inaitwa muraqaba, kukaa ukijua kwamba Mungu anakuona. Lakini nani anakaa? Mi mwenyewe nikitoa salamu ya sala tu, tayari niko dukani. We pika, mwanangu. Na ukipata nafasi, kaa."

Nikaanza kukaa. Baada ya adhuhuri, vyombo vikiwa vimekauka, niliingia chumba cha pasi, nikasali, kisha badala ya kuinuka upesi nikabaki kwenye mkeka na tasbihi. Mwanzoni mawazo yalinipeleka sokoni, nikayarudisha; yakaenda tena, nikayarudisha tena. Polepole nikaonja utamu fulani ambao siwezi kuueleza. Nilikuwa narudi jikoni nikiwa mwepesi. Niliwaona wale wageni wa kikanisani kuwa ndugu zangu, ingawa hatukuwahi kusemezana.

Kisha Hadija akafa. Binti yangu wa pekee, wakati wa kujifungua. Mtoto akapona, msichana, wakampa jina Mariamu. Tulimzika Hadija, watu wakaja, wakaondoka, nami nikarudi kazini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Yule mtoto nilimwacha kwa wifi yangu. Kila nilipomtazama niliona uso wa mama yake, na mikono yangu ilikataa kumpokea.

Nilisali, lakini maneno yalitoka mdomoni na kuanguka hapo hapo. Nilikaa kwenye mkeka, nikahisi nimekaa na ukuta. Nikaanza kuwachukia wale wageni. Niliwaona wakitoka kikanisani na nyuso tulivu, nikasema moyoni: hawa wanapewa, mimi nimenyang'anywa. Asubuhi moja nilimkuta Masera Mkuu barazani nikamwambia naacha kazi.

Hakubisha. Alivua miwani, akaifuta kwa shela yake, akaniambia, "Tunangoja kwanza." Kesho yake akaja jikoni, akafunga aproni, akaketi kwenye kigoda na kuanza kumenya viazi pamoja nami. Hakuwa hodari, maganda yake yalikuwa manene. Siku iliyofuata akaja tena, na iliyofuata. Mtu aliyengojewa na maaskofu alikaa kwenye moshi wangu, akimenya viazi, akinyamaza nami.

Mimi ndiye niliyeshindwa kunyamaza.

"Masera, mi sisikii kitu tena. Nasali kama vile naongea na simu iliyokatika. Mutu kama mi anafanya nini katika nyumba hii?"

Kisu chake kikasimama.

"Ukienda nitakuelewa, Mama Hadija. Lakini usiende kwa sababu unafikiri sisi wote humu tunasikia, na ni we peke yako husikii."

"Hata we?"

"Miaka mingi sasa. Naingia kikanisani, nakaa, natoka. Hakuna kitu. Zamani nilikuwa naonja furaha mpaka nalia. Siku moja ikaondoka, haijarudi."

Nilimtazama. Huyu ndiye watu walikuja kumwuliza njia ya kwenda kwa Mungu, wakatoka kwake wakiwa wamepona. Nikamwuliza, "Sasa kwa nini unarudiaka kila siku?"

Aliokota kiazi kingine. "Nilimwambia nitakuja. Na Yeye hajaniambia nisije."

Akaendelea kumenya. Mimi nililia hapo, machozi ambayo hayakunitoka hata makaburini, na yeye akavuta sufuria ya viazi upande wake, amalizie fungu langu.

Nimefanya kazi na watu wa Mungu wengi, na wengi walinifundisha. Lakini siku ile ndiyo nilijua uchaji ni nini. Yule mama hakuwa akilipwa kwa utamu. Alikuwa akienda bure, kwa mapenzi tu, na katika ule ukavu wa moyo wake alikuwa ametupikia sisi wote.

Sikuacha kazi. Nilirudi chumba cha pasi, nikakaa bila kudai kitu. Sikuona mwanga, sikusikia sauti. Lakini alasiri moja, katikati ya dhikri, nilijikuta natamka jina la Hadija bila hasira, na nikajua, kama unavyojua mtu ameingia chumbani hata ukiwa umempa mgongo, kwamba siko peke yangu. Jioni hiyo sikwenda nyumbani. Nilishuka moja kwa moja kwa wifi yangu, nikamwambia, "Niletee mtoto." Mariamu alinishika kidole, nikamfunga mgongoni, tukaenda kwetu.

Baadaye Masera Mkuu alihamishiwa nyumba nyingine ya shirika lao, huko bara, na kwetu akaletwa Padri Mkurugenzi. Huyo alikuwa mcheshi, mpenda samaki wa mukeke wa kuchoma, na yeye aliwahi kuniambia, "Mama, hapa Buja nzima hakuna jiko la kimya kama lako." Nilimheshimu sana. Chini yake niliwafundisha wapishi watatu, na magoti yalipoanza kukataa mlima, yeye ndiye aliyeniaga.

Nilipostaafu, nilisikia Masera amerudi mjini, mgonjwa, anatunzwa na watawa wenzake. Nikaenda kumwona na Mariamu, sasa msichana wa chuo kikuu. Masera alikuwa amekonda, macho yamefifia, lakini sauti yangu aliijua. Alimshika Mariamu mkono, akauliza ni nani. Nikamwambia, "Ni mtoto wa Hadija." Akaitikia kwa kichwa, akatabasamu, hakumwachia. Wakati wa alasiri ulipofika, nilitandika mkeka pembeni ya kitanda chake nikasali. Nilipomaliza na kukaa kidogo, akaniita.

"Leo unasikia kitu?"

"Leo ndiyo, Masera. Kidogo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Basi unisalimie Yeye."

Masera alifariki, tukamzika kabla ya msimu wa mvua. Nilisimama kati ya watawa, na kitambaa changu kichwani, na hakuna aliyeniuliza nimetoka wapi.

Vijana wananiuliza kama miaka yote ile ilinifikisha kwa Mungu. Sijui kupima mambo hayo. Najua tu kwamba baada ya alfajiri nabaki kwenye mkeka. Kuna asubuhi utulivu unanijia mpaka natamani jua lisitoke, na kuna asubuhi nasikia pikipiki za Buyenzi tu. Zote mbili nakaa.