Pingamizi la Mjomba

Miaka ile ya arubaini, kiti cha Waarabu katika Baraza la Kutunga Sheria kilipigiwa kura na wanaume Waarabu peke yao, tena wanaojua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu. Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani hapo Kuze. Nusu ya waliokuwa kwenye daftari la wapigakura, yeye ndiye aliyewashika mkono wakaandika alifu yao ya kwanza.

Kisha utaratibu ukabadilishwa. Kila jina lihakikiwe upya, na mpigakura yeyote aruhusiwe kumwekea mwenziwe pingamizi. Wagombea walikuwa wawili, na kambi zao, badala ya kutafuta kura, zikaanza kufukua mababu za watu. Wajanja walijaza fomuni nasaba ya Hadhramaut, kule Uarabuni. Baba, kwa fahari yake, alijaza mji wake, mmoja wa miji ya Thenashara Taifa, yale makabila kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa. Kwetu Mvita hilo ni jina la heshima. Kwa serikali lilimaanisha mwenyeji, na mwenyeji hakuwa na kura.

Alipoitwa ofisini nilimsindikiza. Nilikuwa mtu mzima tayari, karani wa bohari Mbaraki. Bwana Mzungu alishika barua ya pingamizi iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na karani wake, Mkristo kutoka bara, hakuzijua.

"Mzee, wewe si mwalimu? Hebu tusomee," karani akasema.

Baba akaipokea, na uso ukamshuka kabla hajaanza. Mwandiko ulikuwa wa mjomba, kakake mama, mfuasi wa mgombea ambaye baba hakumtaka. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno: mtu huyu si Mwarabu, ni mwenyeji, jina lake lifutwe. Angeweza kuruka mstari, nani angejua? Hakuruka. Bwana akamwuliza kama ana neno la kujitetea. Akasema hana. Jina likakatwa tukiona.

Nilitoka nimefura kwa hasira. Baba na mjomba walikuwa watoto wa ndugu wawili, babu yao mmoja! Kama baba ni mwenyeji, mjomba je? Nyumbani mama alimwuliza hilo hilo.

"Kwani hukuwaambiya?"

"Ningalisema, naye angalifutwa."

"Si afutwe!"

"Na wa kutusemea atakuwa nani, mke wangu? Sote tuwe mabubu?"

Mimi niliona ni upole wa kijinga, na hadi leo sijabadili mawazo.

Siku ya kura baba alisomesha kama kawaida. Wanafunzi wake wa zamani walipita mlangoni wakienda kupiga kura, baadhi yao wakitazama chini. Mgombea wa mjomba alishinda, na kesho yake tukaletewa sinia ya halua kutoka kwa mjomba.

Mama aliifunika tena kwa kawa. "Mrudishiyeni kakangu," alisema. "Mwambiyeni halua ya Waarabu huku kwa wenyeji hailiwi."

Alilia akisema hivyo, maana hakuwa na ndugu mwingine.