Maji ya Mlangoni Yasiyochotwa

Jumamosi moja baada ya mvua, binti yangu Neema alitupeleka mimi na mwanawe kutembea kando ya mfereji wa zamani kule Georgetown, huku ng'ambo tunakoishi. Maji yalikuwa yamesimama, ya kijani, yakinuka majani yaliyooza. Nikasimama. Neema ni muuguzi. Nikisimama tu hudhani ni moyo.

"Mama, unaumwa?"

"Hapana, mwanangu. Nimemkumbuka babu yako."

Baba alikuwa mwinjilisti huko Singida, nchi kavu, ambako wakati wa kiangazi mama zetu walifukua mchanga wa mto, wakangoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kata kidogo kidogo. Kwetu mtu aliyetoka safari ya mbali hupewa maji kwanza. Habari huulizwa baadaye. Nilipokuwa darasa la pili, wamisionari walimpeleka Ulaya kwa meli. Aliporudi, kanisa lilijaa hadi madirishani.

Akatusimulia. Meli ilimshusha Venisi, mji uliosimama ndani ya bahari, ambako bibi harusi huenda kanisani kwa mtumbwi, na maiti huenda makaburini kwa mtumbwi. Kisha treni ikamfikisha Amsterdamu, ambako mitaa ni maji, na nyumba nyembamba zimebanana kama watu wanaopigwa picha. Nilimeza kila neno.

Mzee Yona, kiongozi wa wazee wa kanisa, akainuka. "Mwinjilisti, wanawake wa huko huchota hapo hapo mlangoni?"

"Hapana, Mzee. Maji yale hakuna anayeyanywa. Yananuka."

Halafu mama mmoja akapiga makofi. "Maji yako mlangoni na hakuna anayechota! Baba, hapo umetia chumvi!" Kanisa zima likaangua kicheko.

Kicheko kile hakikuisha. Wenzangu shuleni waliniita Binti Venisi, na hilo ningelivumilia. Lakini mabenchi ya kanisa yakaanza kubaki matupu. Mzee Yona akaja kwetu, akala, akanawa, ndipo akasema taratibu, "Baba, watu wanaulizana. Kama anatudanganya juu ya maji ya Ulaya, na ile Bahari ya Shamu je?"

Baba aliinamisha kichwa.

Jumapili iliyofuata hakupanda mimbarini. Alisimama chini, usawa wetu, akasema, "Ndugu zangu, kuhusu ile miji ya maji, nilisema kupita kiasi. Nisameheni." Mzee Yona akamkumbatia, kwaya ikaanza kuimba. Mimi nililia kwa aibu, nikiamini baba yangu ni mwongo aliyetubu. Mabenchi yakajaa tena. Baba hakuitaja Ulaya tena hadi tulipomzika.

Nilikuwa mzee tayari Neema aliponileta kwake Temple Hills nimsaidie kulea. Njiani tulilala Amsterdamu kubadilisha ndege, naye akanitembeza mjini. Nikaziona nyumba nyembamba zilizobanana, na maji chini ya milango yao. Watu walipita kwa baiskeli zao, wala hakuna aliyeyatazama. Nikashuka ngazi ya mawe, Neema akinishika kiuno, nikachovya kidole, nikanusa. Yalinuka.

Pale Georgetown niliwasimulia haya yote. Mjukuu wangu, ambaye huelewa Kiswahili lakini hujibu kwa Kiingereza, akauliza kama babu huyo alikuwa mtu wa uongo.

"Kanisani alidanganya mara moja tu," nikamwambia. "Siku aliyotubu."

Namshukuru Mungu kwamba miguu yangu ilifika alikofika baba, ingawa nilichelewa mno kumwambia. Hata hivyo nakumbuka Jumapili ile aliyotubu. Baba alirudi nyumbani akitembea nyuma yetu, peke yake. Tulipofika, kabla ya mtoto yeyote kunywa, mama alijaza kata, akampelekea kwa mikono miwili, akapiga goti, kama anayempokea mtu aliyetoka safari ya mbali. Nilidhani anamhurumia. Leo najua kwamba katika kanisa lote kulikuwa na mtu mmoja aliyemwamini.